Kezilahabi na Mwalimu Wake wa Mbali

Mambo mawili yalitoka katika pwani ya Algeria yakafika Ziwa Viktoria, la kwanza likilitangulia la pili kwa muda wa miaka themanini hivi. La kwanza ni Mapadre Weupe. Shirika lao lilianzishwa mjini Algiers mwaka 1868 na Askofu Mkuu Charles Lavigerie, Mfaransa, na miaka kumi baadaye msafara wao wa kwanza ulianza safari ya kutoka pwani yetu kuja ziwani. Mwaka 1883 walikuwa wamekwisha kukaa Bukumbi, kusini ya Mwanza, na kutoka hapo misheni zao zikaenea Usukuma, Ukerewe na Geita. Jambo la pili ni vitabu vya Albert Camus, aliyezaliwa Algeria mwaka 1913 katika familia maskini ya Kifaransa, akakulia Algiers, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1957, akafa katika ajali ya gari huko Ufaransa tarehe 4 Januari 1960. Mapadre walikuja na Mungu na shule. Camus alikuja, kwa njia ya Kiingereza na kwa njia ya maktaba, na swali la kwamba itakuwaje ikiwa hayupo Mungu wa kutujibu.

Mtu mmoja wa Ukerewe alikutana na wote wawili. Euphrase Kezilahabi alizaliwa Namagondo mwaka 1944, akasoma katika seminari ya Nyegezi, akaingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kuhitimu mwaka 1970. Wahakiki wa riwaya ya Kiswahili wamemtaja Camus kila wanapomtaja Kezilahabi, hata imekuwa kama desturi: mwanafunzi wa kidato cha sita huandika kwamba mwandishi ameathiriwa na falsafa ya udhanaishi, huweka nukta, hupata alama zake, basi. Mimi niliyesahihisha karatasi hizo kwa miaka mingi katika chuo cha ualimu naomba nikae kidogo juu ya nukta ile. Kuathiriwa si kupakwa rangi. Mtu humpenda mwalimu, humwiga, humbishia, humwacha, na pengine hukutana naye tena njiani pasipo kutazamia. Riwaya za Kezilahabi zikisomwa kwa kufuata miaka yake zinaonyesha safari hiyo waziwazi.

Kwa msomaji ambaye hakubahatika kumsoma Camus, nieleze kwa ufupi. Mwaka 1942 alitoa vitabu viwili. Kimoja ni riwaya fupi, L'Étranger, juu ya karani wa Algiers aitwaye Meursault ambaye halii kwenye mazishi ya mama yake, na baadaye anamwua Mwarabu mmoja ufukoni bila sababu ya kueleweka, anahukumiwa kufa. Cha pili ni insha ndefu, Le Mythe de Sisyphe. Humo anaanza na swali la kujiua. Kama maisha hayana maana ambayo tumepewa kutoka juu, je, inafaa kuendelea kuishi? Jibu lake ni ndiyo, inafaa. Anamtoa mfano Sisyphus wa hadithi za Wayunani, aliyehukumiwa na miungu kusukuma jiwe mpaka kileleni, nalo huporomoka kila likifika, naye hushuka kulifuata milele. Camus anataka tuamini kwamba mtu yule, anaposhuka akijua yote, ameridhika, na kuridhika kwake ndiko kuwashinda miungu. Yeye mwenyewe alikataa kuitwa mdhanaishi, na mwaka 1952 aligombana hadharani na Jean-Paul Sartre aliyekuwa bingwa wa jina hilo. Wanafunzi wetu huwachanganya wawili hao kama pacha. Si pacha.

Sasa tumtazame Kezilahabi. Rosa Mistika ilitoka mwaka 1971 ikaleta kelele kubwa. Kwa muda ilipigwa marufuku mashuleni, kisha miaka ikapita ikawa kitabu cha kusomwa darasani, mambo ya kawaida katika nchi hii. Binti aliyelelewa kwa fimbo anatoka nyumbani, anapata uhuru asioweza kuutumia, mwisho anajiua. Lakini angalia mwandishi anavyomaliza. Baba na binti wanapelekwa mbele ya hukumu ya Mungu, nani mwenye kosa aamuliwe. Huyu bado ni kijana wa seminari. Amekwisha kusikia swali la Camus, lakini mahakama ya mwisho ingali imefunguliwa na hakimu yupo.

Miaka mitatu baadaye, katika Kichwamaji, hakimu ameondoka. Kazimoto ni msomi wa chuo kikuu anayerudi Ukerewe akiwa hawezi tena kuongea na baba yake wala mama yake kwa lugha moja ya moyo. Anasimulia yeye mwenyewe, kwa sentensi fupi na kavu, kama Meursault anavyosimulia. Hamwamini Mungu, hawaamini wazee, wala usomi wake haumpi kitu cha kushika. Anaoa, mtoto anazaliwa na kichwa kikubwa kupita kiasi, na Kazimoto anajiua.

Wengi husema hapa ndipo Kezilahabi alipo karibu mno na Camus. Kwa namna ya uandishi, nakubali. Lakini kwa jibu la swali, hapa ndipo alipo mbali naye kuliko mahali pengine popote. Camus aliuliza kama mtu ajiue, akajibu asijiue. Kazimoto anaulizwa swali lilelile, anajibu kinyume. Mwanafunzi amechukua mtihani wa mwalimu, ameandika kwa mwandiko wa mwalimu, kisha ametoa jibu ambalo mwalimu alilikataza. Nathubutu kusema kwamba hakukosea mtihani. Aliona kuwa jibu la Camus linamfaa mtu aliye peke yake, na Kazimoto hayuko peke yake. Ana baba, mama, mke, ukoo, deni la karo iliyolipwa kwa jasho la watu wengine. Sisyphus hana mke. Hana mtoto aliyezaliwa na kasoro ambaye majirani wanamtazama na kunong'ona uchawi.

Katika miaka ya themanini nilifundisha Kichwamaji kwa wanachuo waliotoka Kahama, Maswa, Shinyanga Vijijini na Geita, ambayo wakati ule ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Mwanza. Imekuwa mkoa mwaka 2012 tu. Niliwasomea pia habari za Sisyphus, nikizitafsiri mwenyewe kutoka Kiingereza. Nilitazamia wangenyamaza. Badala yake kijana mmoja wa Nyarugusu, ambaye kaka zake walikuwa wachimbaji, alisimama akasema, "Mwalimu, huyo mtu mbona tunamfahamu?" Darasa likacheka, naye hakucheka. Akaeleza: mtu anashuka katika duara kwa kamba, futi mia na zaidi, matimba yanalia juu yake, anavunja mwamba, anapandisha mfuko, jiwe linasagwa, linaoshwa kwa zebaki, dhahabu haimo. Kesho anashuka tena. Mgodi mkubwa wa Geita, ulioanza miaka ya thelathini, ulikuwa umefungwa mwaka 1966 na haukufunguliwa tena hadi mwaka 2000. Katikati ya miaka hiyo milima ile ilikuwa ya wachimbaji wadogo na mikono yao.

Nikamwuliza, "Je, ameridhika?" Akafikiri. Akasema kaka yake hashuki kwa kuridhika na jiwe, anashuka kwa sababu ya mke na mama na kwa sababu mtu wa duara la jirani alipata wiki iliyopita. Kisha akaongeza neno ambalo nimelibeba tangu siku ile: "Na akifukiwa, Mwalimu, hafukiwi peke yake. Nyumba nzima inafukiwa." Sikuwa na la kumjibu kutoka katika insha ya Camus. Lilikuwemo katika Kichwamaji.

Hapo ndipo mjadala ulipogeuka. Mwanachuo wa kike aliuliza kwa nini mwandishi anatupa kitabu cha mtu aliyejiua, na sisi tunakwenda kufundisha watoto. Swali zuri, na katika sehemu zetu si swali la darasani tu. Nimeshuhudia mwenyewe, si mara moja, mti ambao mtu alijinyonga ukikatwa na kung'olewa hata mizizi, mazishi yakifanywa haraka bila matanga, jina la marehemu likikwepwa katika mazungumzo. Watu wa nje huona ni ukatili kwa maiti. Mimi naona ni hofu ya walio hai, maana kifo cha namna hiyo kwetu si uamuzi wa mtu na nafsi yake. Ni kidonda cha ukoo, na ukoo unajaribu kukichoma kisienee. Camus aliweka swali la kujiua ndani ya kichwa cha mtu mmoja usiku. Kezilahabi aliliweka katikati ya ua, ng'ombe wakikamuliwa na watu wakipita. Nilimwambia yule binti kwamba kitabu hakimsifu Kazimoto. Kinahesabu gharama yake. Akasema basi hesabu hiyo iandikwe ubaoni. Tukaiandika: nani anabaki, na anabaki na nini. Ilijaza ubao wote. Mwaka ule mmoja wa wanachuo wale, ambaye sitamtaja, alikuja ofisini kwangu jioni akiwa amekwisha kuandika barua ya kuwaaga wazazi wake. Tulikaa mpaka saa tano usiku. Mara mbili alizitaja zile hesabu za ubaoni. Leo ni mwalimu mstaafu kama mimi na ana wajukuu.

Turudi kwenye riwaya. Camus hakuishia mwaka 1942. Mwaka 1951 alitoa L'Homme révolté, na swali lake likawa limehama: si tena kama mtu ana haki ya kujiua, bali kama ana haki ya kumwua mwingine kwa ajili ya haki, historia au mapinduzi. Kezilahabi alipita njia hiyohiyo kwa mwendo wa haraka zaidi. Mwaka 1975, mwaka mmoja tu baada ya Kichwamaji, ilitoka Dunia Uwanja wa Fujo. Tumaini si Kazimoto. Baada ya ujana wa starehe anakuwa mkulima mkubwa, na siasa ya ujamaa inapolifikia shamba lake anamwua kiongozi wa serikali. Anahukumiwa kufa, kama Meursault. Wasomaji wa wakati ule hawakuhitaji kuambiwa waikumbuke Iringa, ambako tarehe 25 Desemba 1971 mkulima Said Mwamwindi alimpiga risasi na kumwua Mkuu wa Mkoa, Dakta Wilbert Kleruu, akanyongwa kwa kosa hilo. Tofauti yake na Meursault ni kubwa. Meursault anaua kwa sababu ya jua na joto na utupu. Tumaini anaua kwa sababu ya ardhi. Katika nchi ya pamba na ng'ombe tunaelewa sababu ya namna hiyo hata tukiilaani. Kwa hiyo mwaka 1975 mwanafunzi bado anafuata maswali ya mwalimu, ila majibu yote sasa yanatoka nyumbani.

Yupo mwana mwingine wa Ukerewe ambaye hana budi kuingia hapa. Gabriel Ruhumbika, mtunzi wa Village in Uhuru na Miradi Bubu ya Wazalendo, alisomea Paris kwenyewe, akakijua Kifaransa kwa asili yake. Naye hakutuletea Camus. Mwishoni mwa miaka ya sabini, yeye pamoja na Clement Maganga, walitupatia kwa Kiswahili kitabu cha Frantz Fanon kwa jina la Viumbe Waliolaaniwa. Fanon alikuwa daktari kutoka Martinique aliyefanya kazi Algeria, akajiunga na wapigania uhuru wa nchi hiyo. Vita ya Algeria ilianza mwaka 1954 ikaisha mwaka 1962, na Camus, ambaye alikuwa ametetea maskini wa Kiarabu katika magazeti kabla ya wengi, hakuweza kukubali Algeria ikatwe kutoka Ufaransa. Ukimsoma Fanon kwanza, kisha ukarudi kwa L'Étranger, jambo moja linakukwama kooni: yule Mwarabu anayeuawa ufukoni hana jina. Kitabu kizima mahakama inamhukumu Meursault, na maiti hana jina! Mwanachuo wa Nyarugusu asingalisahau kuuliza jina lake. Visiwa vile vidogo vya ziwani vilitoa wanaume wawili, mmoja akamchukua Camus na mwingine akamchukua Fanon. (Wa tatu, Aniceti Kitereza, mzee kuliko wote, hakumchukua Mfaransa yeyote: alikaa Ukerewe akaandika habari za Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe, akamaliza mwaka 1945, akasubiri hadi mwaka 1980 ndipo kitabu kikatoka kwa Kiswahili. Yeye anastahili insha yake.)

Gamba la Nyoka, ya mwaka 1979, inahusu kuhamishwa kwa watu kwenda vijiji vya ujamaa. Camus simwoni tena humo, au yupo kama mgeni aliyekaa mlangoni. Kisha Kezilahabi alikwenda Marekani, Chuo Kikuu cha Wisconsin huko Madison, akapata shahada ya uzamivu mwaka 1985 kwa tasnifu juu ya falsafa ya Kiafrika na tatizo la kuifasiri fasihi. Hoja yake, kwa kifupi, ni kwamba fasihi yetu haiwezi kupimwa milele kwa vipimo vilivyotengenezwa Ulaya. Mtu aliyejifunza kuandika kwa kipimo cha Mfaransa alikuwa sasa anakiuliza kipimo chenyewe kilitoka wapi.

Matunda yake ni Nagona, mwaka 1990, na Mzingile, mwaka 1991. Vitabu vyembamba, na walimu wenzangu wengi walivitupa baada ya kurasa kumi. Hakuna Kazimoto wala Tumaini, hakuna wilaya wala mwaka. Msimulizi anasafiri katika nchi iliyokufa nusu, anakutana na wendawazimu wenye busara, ngoma, mafumbo, mizimu ya wanafikra wa Ulaya, na katika Mzingile mzee aitwaye Kakulu, jina ambalo sikio la Msukuma husikia mara moja ukubwa na uzee ndani yake. Swali la Camus bado limo: kuna maana au hakuna? Ila sasa halijibiwi na mtu aliyesimama peke yake na jiwe lake. Linazungushwa, linachezewa ngoma, linarudishwa kwa wahenga, nao wanaongeza fumbo. Wapo wanaosema mwandishi alipotea. Sikubaliani nao. Naona alichoka kuuliza kwa sauti ya mgeni. Lakini sitaficha kwamba kama mwalimu namkumbuka zaidi yule wa mwaka 1974. Mzingile haungaliweza kujaza ubao ule.

Kezilahabi alihamia Botswana katikati ya miaka ya tisini kufundisha chuo kikuu, akafa Dar es Salaam tarehe 9 Januari 2020. Kutoka kifo cha Camus ilikuwa miaka sitini na siku tano.

Katika gari lile lililoharibika mwaka 1960 ulipatikana mkoba wenye muswada ambao Camus alikuwa hajaumaliza. Familia iliuweka miaka mingi. Ulichapishwa mwaka 1994 kwa jina la Le Premier Homme, na mwaka uliofuata ukatoka kwa Kiingereza. Niliupata baada ya kustaafu. Hauna Sisyphus wala ubwege wa maisha. Mtu wa makamo anakwenda kulitafuta kaburi la baba yake aliyekufa katika Vita Kuu ya Kwanza, anakuta kuwa yeye sasa ni mzee kuliko baba yake alipokufa, kisha anarudi Algiers kwenye nyumba ya bibi mkali, mjomba fundi wa mapipa, na mama mkimya asiyejua kusoma, ambaye Camus amemtabarukia kitabu akijua hataweza kukisoma kamwe. Mwalimu naye alikuwa ameanza kurudi kwa wazee wake, kuwauliza jina na mahali. Muswada huo ulipotoka, Nagona ilikuwa na miaka minne na Mzingile mitatu.